Mwakitolyo: Binti aliyechagua miti penye dhahabu

Dada yangu hapigi simu usiku bila sababu. Siku aliponipigia saa nne usiku kutoka Mwakitolyo, nilikaa kwanza kitandani ndipo nikapokea.

"Kaka, njoo uzungumze na mpwa wako," alisema. "Mimi ameshanishinda."

Mpwa wangu ana miaka 24. Ana stashahada ya misitu. Tangu ahitimu alikuwa amejitolea mwaka mmoja na nusu katika ofisi moja ya umma, bila mshahara, akitembea vijijini na kitabu cha kuhesabia miti. Sasa alikuwa amepata nafasi nyingine ya kujitolea kwa miezi sita, katika msitu wa hifadhi mkoani Tabora, chini ya ofisa mzoefu wa misitu na nyuki. Huko angepewa pa kulala, kazi, na mtu wa kumfundisha. Chakula, nauli na buti vilikuwa juu yake mwenyewe.

Dada naye alikuwa na akiba. Alitaka kuingia ubia na jirani wanunue karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na binti awe mshika hesabu. Fedha ilikuwa moja, mipango miwili. Mjomba nikaitwa.

Nakiri kwamba nilipanda basi nikiwa upande wa dada. Nilijiambia kuwa mtoto amesoma, amejaribu, sasa akae na mama yake ale matunda ya mahali alipozaliwa. Mzazi mwenzangu, huenda nawe ungewaza hivyo.

Njia ya kwenda

Kutoka Shinyanga mjini gari letu lilipita Old Shinyanga, kisha likashika njia ya Solwa. Ilikuwa Agosti. Udongo mweusi wa mbuga ulikuwa umepasuka, pamba imeshavunwa, na ng'ombe walitembea kwa mistari mirefu wakitafuta maji. Ndani tulikuwa tumebanana, magunia ya dagaa miguuni na jogoo mmoja aliyelalamika njia nzima.

Old Shinyanga wengi tunaipita bila kugeuza shingo. Lakini katika miaka ya 1930 hapa palikuwa makao ya utafiti wa mbung'o, chini ya Mwingereza Charles Swynnerton, ambaye kabla ya hapo alikuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika. Alikufa mwaka 1938 kwa ajali ya ndege. Mbung'o huambukiza binadamu malale na ng'ombe nagana, na dawa iliyoaminiwa sana wakati ule ilikuwa kufyeka vichaka wanamojificha. Babu zetu wakafyeka. Baadaye mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, kuni zikahitajika kila jioni. Miti ikaisha kidogo kidogo, na kila aliyekata alikuwa na sababu yake nzuri.

Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikiitwa jangwa la Tanzania. Mwalimu Nyerere alifika mwaka 1984 akasikitishwa na aliyoyaona. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wazee hapa wanauita HASHI tu, kwa msaada wa Norway na utaalamu wa kituo cha kimataifa cha kilimo mseto, ICRAF.

Nilikuwa nimeyasoma hayo zamani. Sikujua kwamba yangenihusu safari hii.

Matimba

Unaijua Mwakitolyo kwa masikio kabla ya macho. Karasha zinasaga tangu alfajiri, na ukishuka garini vumbi jeupe linakupokea. Kuna maduka ya turubai na ya bati, vibanda vya simu, mama lishe, bodaboda, na vijana waliotoka karibu kila mkoa. Maduara yamechimbwa huku na huku. Chini yake kuna watu wenye tochi kichwani, na juu kuna wenzao wanaovuta mawe kwa kamba.

Mpwa wangu alinipokea stendi. Amekonda, ngozi imeungua jua, lakini alicheka kwa sauti ileile ya utotoni. "Mwangaluka, mjomba!" Nikaitikia. Akanipokonya begi, na badala ya kunipeleka moja kwa moja nyumbani akanizungusha upande wa maduara.

"Hesabu hayo, mjomba," alisema, akionyesha magogo yaliyopangwa kando ya njia, marefu kama mtu na nusu.

Nilihesabu hadi themanini nikachoka. Hayo ndiyo matimba. Duara likishuka chini, kuta zake hushikiliwa kwa magogo ili kifusi kisiwaangukie wachimbaji. Duara likiongezeka kina, matimba yanaongezeka. Yakioza, yanabadilishwa. Yakicheleweshwa, watu wanafukiwa, na habari hizo msomaji umezisikia redioni mara nyingi kuliko unavyopenda.

"Yanatoka wapi?" niliuliza.

"Zamani yalitoka pale," alinyoosha kidole kwenye mlima mtupu. "Sasa yanatoka mbali, na kila mwaka mbali zaidi. Wanakata miti ya asili, mingine imechukua miaka thelathini kukua. Hakuna anayepanda. Mjomba, kila mwenye duara hapa anahitaji mtu wa miti, ila hajui kama anamhitaji."

Sikuwa na jibu, na nilikuwa nimekuja na hotuba.

Tulipita pia karibu na mwalo, mahali pa kuoshea na kuchekecha mchanga wa dhahabu. Kina mama walikuwa wameinama kwenye makarai, mmoja akiwa na mtoto mgongoni. Wachimbaji wadogo wengi hunasa dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma zebaki ipae hewani ibaki dhahabu. Moshi huo hauna rangi ya kutisha, lakini hudhuru mishipa ya fahamu, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na walio bado tumboni. Tanzania iliridhia mwaka 2020 Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu waliugua na kufa kwa kula samaki wenye sumu hiyo. Mkataba umeshasainiwa. Anayetakiwa kuinama karaini na kumwonyesha yule mama njia nyingine ni kijana aliyesomea mazingira, naye ni lazima awe ameajiriwa na mtu.

Kesi ya mama

Jioni dada alipika ugali, nsansa na samaki. Tulikula kimya. Vyombo vilipoondolewa alianza, na naandika maneno yake kwa sababu hayakuwa ya mtu mbaya.

"Kaka, mimi si adui wa miti. Ada ya huyu imetoka kwenye sufuria yangu ya wali na maharage. Nimeamka saa kumi usiku miaka mingapi? Nilijua nikimaliza ada nimemaliza. Kumbe baada ya ada kuna kujitolea. Namlipia nauli aende kazini! Umewahi kusikia mtu anakwenda kazini kwa fedha ya mama yake? Na hao wakubwa wamepata mtu wa bure, watamwajiri ya nini?"

Akanyamaza, kisha akamalizia taratibu. "Mwenzake waliyemaliza naye kidato cha nne yuko pale mwaloni. Ameshapiga bati. Watu wananiuliza, mwanao msomi anafanya kazi gani? Nasema anahesabu miti. Wanacheka."

Binti alikuwa ameinamisha kichwa. "Mama, nimeitwa kwenye usaili mara mbili," alisema. "Mara zote mbili sikuulizwa nimesoma nini, vyeti waliviona. Waliniuliza nimefanya nini msituni. Ndiyo maana nataka hii miezi sita. Pale ofisini nilikuwa nabeba mafaili na kutumwa chai. Huku kuna mtu wa kunifundisha."

Wote wawili wakanitazama. Nikasema tulale kwanza.

Ngitili ya mzee

Asubuhi binti alinipeleka kwa mzee mmoja, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka maduarani. Kelele za karasha zilififia hadi zikabaki kama nyuki wa mbali. Tukafika mahali penye migunga iliyosimama pamoja, majani makavu yanafika kiunoni, na ndege. Nilikuwa sijasikia ndege tangu nishuke garini.

Hiyo ndiyo ngitili. Ni desturi ya Wasukuma tangu kale: mvua zikianza, eneo linafungwa ng'ombe wasiingie, majani na miti vikue. Kiangazi kikikolea na malisho yakiisha kwingine, linafunguliwa kwa mpango. Kuna ngitili za familia na za kijiji. Sheria zake hupitishwa katika dagashida, mkutano wa wanakijiji, na anayevunja hutozwa faini.

HASHI haikuja na kitu kigeni. Iliikuta desturi hii imekaribia kusahaulika ikaiinua. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana mkoani zilikuwa kama hekta 600 tu. Mapema miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 mradi ukapata tuzo ya kimataifa ya Equator. Watafiti walipopiga hesabu ya kuni, malisho, asali, dawa na nguzo, walikuta ngitili zinampa kila mtu faida ya kama dola 14 za Marekani kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini nchini yalikuwa dola 8.50. Kwa hiyo jirani akikucheka kwamba mwanao anahesabu miti, unaweza kumjibu kwa hesabu.

Nilimwuliza mzee alivyoanza. Akacheka.

"Alikuja kijana na pikipiki. Bwana miti. Mdogo, umri wa huyu," akamwonyesha mpwa wangu. "Tulimwona kama mtoto aliyetumwa kutunyang'anya malisho. Mama yenu, ambaye sasa ni marehemu, ndiye aliyesema mpeni chakula, ni mtoto wa mtu. Akala hapa. Akalala hapa. Mwaka wa kwanza hakuna aliyemsikiliza. Mwaka wa pili tukafunga kipande kidogo, kumridhisha tu. Kiangazi kikawa kikali, ng'ombe wangu wakapona, wa jirani wakafa. Mwaka wa tatu akawa hana haja ya kutuomba."

"Na huyo kijana yuko wapi sasa?"

"Alihamishwa. Alikuja mara moja kunisalimia, mtu mzima, ana kitambi."

Tulicheka wote. Lakini niliporudi njiani maneno yale yalinifuata. Tunapotaja hekta 300,000 tunasifu mradi, na ni haki. Ndani ya mradi huo walikuwamo vijana wageni ambao mwaka wa kwanza hawakusikilizwa na mtu, na pengine hata mshahara wa mwezi uliwakuta mfukoni hakuna kitu. Walivuka mwaka ule kwa sababu mama wa mtu mwingine alisema wapewe chakula.

Mama aliyekwenda msituni

Nchi yetu ina mfano mwingine mkubwa, nao wazazi wengi wanaujua nusu. Jane Goodall alifika Gombe, Kigoma, Julai 1960, akiwa na miaka 26. Hakuwa na shahada yoyote. Wakubwa wa serikali ya kikoloni walikataa binti akae peke yake msituni. Aliyemwokoa ni mama yake, Vanne, aliyekubali kusafiri naye kutoka Uingereza akakaa naye kambini miezi ile ya mwanzo. Mama huyo alifungua kijizahanati akawapa wavuvi dawa ndogondogo, na wavuvi wakawakubali wageni wale. Binti akapanda mlimani kila siku kutafuta sokwe, na kwa muda mrefu sokwe walimkimbia.

Baadaye dunia nzima ilimjua. Mwaka 1991 alianzisha Roots & Shoots na wanafunzi 12 hapa hapa Tanzania, jijini Dar es Salaam, na sasa vikundi vyake viko katika nchi nyingi. Alifariki dunia Oktoba 2025, akiwa na miaka 91. Nilimsimulia dada habari hii jioni, na aliuliza swali moja tu: "Huyo mama alikula nini huko?" Nikamwambia alikula alichokula mwanawe.

Njia zenyewe

Kabla hatujafika mwisho wa kesi yetu, niseme kwa faida ya mzazi ambaye mwanawe ameanza kutaja neno uhifadhi.

Vyuo vipo, na vina umri. Chuo cha Misitu Olmotonyi, Arusha, kilianza mwaka 1937. Mweka, Kilimanjaro, kilifunguliwa mwaka 1963 kufundisha usimamizi wa wanyamapori kwa Afrika nzima. Miaka miwili kabla, katika Azimio la Arusha la wanyamapori la 1961, Mwalimu Nyerere alikuwa ameeleza kuwa kazi hii inahitaji wataalamu waliofunzwa. Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa, Pasiansi iko Mwanza, inafundisha askari wa wanyamapori, na Chuo cha Ufugaji Nyuki kiko Tabora. Anayetaka shahada, Chuo Kikuu cha Sokoine kipo Morogoro.

Kazi si bunduki na simba peke yake. TANAPA, Ngorongoro, TAWA na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, wanafuata mfumo wa kijeshi wa Jeshi la Uhifadhi tangu mwaka 2018, kwa hiyo kijana ajiandae kwa mafunzo magumu na nidhamu ya aina hiyo. Lakini kuna maofisa misitu na mazingira wa halmashauri, kuna NEMC, kuna mashirika, kuna wafugaji nyuki na wenye vitalu vya miche, kuna waongoza wageni. Na kuna migodi yenyewe. Sheria inamtaka mchimbaji, hata mwenye leseni ndogo, alinde mazingira ya eneo lake, na mgodi unapofungwa ardhi lazima itengenezwe. Mgodi wa Buzwagi, Kahama, uliacha kuzalisha mwaka 2021. Kufunga mgodi kunahitaji watu wanaojua udongo, maji na miti.

Ukweli mwingine ni mchungu. Kati ya cheti na mshahara kuna pengo, na pengo hilo laweza kuwa mwaka mmoja au mitatu. Nafasi zikitangazwa, waombaji ni wengi mno. Nafasi nyingi za serikali hupitia mtandao wa Sekretarieti ya Ajira, na kuomba ni bure. Ukiambiwa tuma fedha ya kumshika mkono mtu wa ndani, huyo ni tapeli, hata kama ana jina la ukoo wenu.

Pengo hilo linavukwa kwa nauli na chakula cha nyumbani. Kwa hiyo mtoto asiye na mtu wa kumvusha anarudi duarani, hata kama ndiye aliyekuwa bora darasani. Hili ndilo nililolikuta Mwakitolyo nisilolifikiria: tunalalamika kwamba watoto wa vijijini hawaonekani katika kazi za uhifadhi, na huku wanaokata tamaa katika mwaka huo mmoja ni watoto wa vijijini.

Daftari la madeni

Usiku wa pili nilimwambia dada kwamba nimebadili upande. Alikasirika, kisha akacheka kwa uchungu: "Nilijua. Mjomba ni mama tu." Lakini nilimwambia pia binti kwamba mama yake ana haki. Kujitolea kusiko na mwisho ni unyonyaji, na mtoto anayemwomba mzazi akiba yake anapaswa kumwonyesha hesabu.

Dada akaleta daftari lake la madeni, lile analoandikia wachimbaji wanaokula kwa mkopo. Akafungua ukurasa mpya. Tukaandika kama ifuatavyo.

Miezi ni sita, haiongezwi bila kikao. Dada atatoa chakula, kwa kiasi kilichoandikwa, kila mwezi. Nauli ya kwenda na kurudi na buti ni vya mjomba. Kabla ya kuondoka, binti apate barua inayosema atafanya kazi gani na nani atamsimamia, na akimaliza apate barua inayosema amefanya nini. Akiona amegeuzwa mtumwa chai, arudi, na hatachekwa. Kila mwisho wa mwezi ampigie mama yake amweleze jambo moja alilojifunza na namna linavyoweza kuleta fedha. Nafasi zote za kazi atakazoomba aziandike, na majibu yake.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa binti. Aliandika kwamba miezi sita ikiisha bila ajira, atarudi Mwakitolyo na kuanzisha na wenzake kitalu cha miche ya matimba na mizinga ya nyuki. Wataomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani usio na riba, ambapo vijana wana asilimia 4, wanawake 4 na wenye ulemavu 2. Karasha isubiri, au jirani anunue kwanza sehemu yake.

Dada akasoma yote mara mbili, kidole kikifuata mstari. "Hapo kwenye kitalu," alisema, "mti wa timba unakua miaka mingapi?"

"Mkaratusi ukitunzwa, miaka michache tu, mama. Ya asili ndiyo inachelewa."

"Na wewe ungeniambia hili tangu mwanzo, tungegombana?"

Binti hakujibu. Nami nilijifunza kwamba mwaka mzima na nusu walikuwa wakibishana juu ya fedha bila mmoja kumwambia mwenzake hiyo fedha itafanya nini. Mama hakuwahi kwenda na mwanawe hata siku moja kuona anachokifanya. Mtoto hakuwahi kumwalika.

Nikwambie, mzazi mwenzangu: nenda. Kama mwanao anajitolea mahali, nenda siku moja ukamwone kazini. Muulize msimamizi wake kwa heshima anafundishwa nini. Usimtambulishe kwa majirani kama mtu ambaye bado hajapata kazi, mtambulishe kwa kazi anayoifanya. Panga muda na kiasi, mviandike. Tafuta mtu mmoja aliyekwisha kuvuka njia hiyo, hata ofisa misitu wa wilaya yako, amshike mkono kwa ushauri. Na kama huna fedha kabisa, chakula na mahali pa kulala ni msaada mkubwa kuliko unavyodhani. Yule bwana miti wa HASHI alianzia kwenye sahani ya mtu.

Asubuhi ya kuondoka, dada alinifungia michembe ya kutafuna njiani. Gari lilipita tena kando ya yale magogo. Yalikuwa yamepungua, mengine yameshashushwa duarani, na lori lilikuwa likishusha mapya.

Sasa ni mwezi wa nne. Binti yuko msituni Tabora. Ameng'atwa na nyuki hadi jicho likafumba, ametutumia picha, amejifunza kupima msitu kwa GPS na kurina asali bila kuua kundi. Ameomba kazi mara tatu. Mbili amekataliwa, moja bado hawajajibu. Kazi hajapata, na sitaki kumdanganya msomaji kwamba ataipata kesho.

Lakini juzi dada alinipigia tena, safari hii mchana, kelele za karasha nyuma yake. Nilishtuka kidogo kabla ya kupokea. Alitaka kujua kama huko niliko najua mzinga mmoja wa kisasa wa nyuki unauzwa shilingi ngapi.